Uzi maalum kwa wachoraji wa kidijitali: ngozi nyeusi inapakwaje mpaka ionekane ngozi kweli

BrashiYaPwani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wakati huu.

Kuna swali moja linarudi humu kila mara na PM zangu zimejaa hilo hilo, "mkuu nipe kodi ya rangi ya ngozi nyeusi". Mtu anataka namba moja aibandike kwenye programu apake uso mzima, alafu kivuli aongeze nyeusi, penye mwanga aongeze nyeupe, kazi imeisha. Picha inatoka tope, ama inatoka plastiki, na mtu anakata tamaa anaenda kuchora katuni za Kijapani ambako ngozi ni rangi moja tu. Nimeona nifungue uzi kabisa nieleze kwa urefu kwasababu hili jambo naliheshimu, sisi ndo tunaochora bibi zetu, maharusi wetu, marehemu wetu, na mtu akiletewa picha ya mama yake akiwa na sura ya majivu anaumia hata kama hasemi.

Kwanza muelewe kwanini mafunzo mengi ya YouTube hayakusaidii hata ukiyafuata neno kwa neno. Mengi yametengenezwa kwa ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeupe uhai wote unatoka ndani. Mwanga unaingia, unazunguka humo kwenye nyama, unakutana na damu, alafu unatoka nje ukiwa na wekundu, na mwanga mwekundu ndo unasafiri mbali zaidi humo ndani kuliko wa bluu. Ndomana wanakwambia weka pinki mashavuni, weka wekundu pale mwanga unapokutana na kivuli, fanya sikio liwake. Hii kitu watu wa kompyuta waliifanyia hesabu kabisa, mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walitoa andiko la namna ya kuigiza mwanga unavyotembea ndani ya vitu kama ngozi, maziwa na marumaru, na 2004 wakapewa tuzo ya kiufundi ya Academy, wale wale wa Oscar. Toka hapo ndo imekuwa wimbo wa kila mchoraji.

Sasa ngozi yetu. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, imekaa tabaka la juu, na inakula mwanga mwingi kabla haujafika kwenye damu, na ule kidogo uliofika unaliwa tena wakati wa kutoka. Kwahiyo ule wekundu wa ndani upo lakini umepungua sana. Kinachobaki ni nini? Ule mwanga ambao haukuingia kabisa, uliogonga juu ya ngozi ukarudi. Ukipiga ngozi moja kwa moja ni kama sehemu 3 kati ya 100, na ukipiga kwa ubavu unaongezeka sana, na hiyo ni karibu sawa kwa binadamu wote mweupe kwa mweusi. Tofauti ni kwamba kwa mweupe hizo sehemu 3 zinamezwa na mwanga mwingi unaotoka ndani, kwa mtu mweusi tii ndo zinageuka kuwa sehemu kubwa ya kile unachokiona.

Na huo mwanga wa juu haubebi rangi ya ngozi, unabeba rangi ya taa, ya anga, ya dirisha. Hapa ndo msingi wa uzi wote huu: kwenye ngozi nyeusi usitafute uhai kwenye wekundu wa mashavu, utafute kwenye mng'ao. Amua kwanza mwanga unatoka wapi na ni wa rangi gani, ngozi itakuja yenyewe.

Naendelea chini, ulizeni.

leya_ya_tano

Mkuu asante sana kwa uzi huu. Lakini bado lazima nianze na rangi fulani si ndio? Siwezi kupaka mng'ao juu ya hewa. Hiyo rangi ya msingi unaichaguaje?

BrashiYaPwani

Swali zuri mkuu. Namba zipo za kuanzia, nachokataa ni namba ya kumalizia.

Kuna kipimo kinaitwa Monk Skin Tone, kilitengenezwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, Google wakakiachia 2022 bure kwa kila mtu. Kina rangi 10. Kabla ya hapo wengi walitumia kile cha Fitzpatrick cha 1975 ambacho kilianza kama kipimo cha daktari kujua ngozi nyeupe inaunguaje juani, ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadae tu, na hata zile rangi tano za emoji zilizokuja 2015 zimetoka humo. Kwa mchoraji wa huku Monk ni bora zaidi.

Sasa chukueni hizo rangi zake za upande wa giza mziweke kwenye programu msome zile namba tatu za H, S na B. H ni rangi yenyewe kwenye duara, S ni ukolezi, B ni mwangaza. Ya 6 kodi yake ni a07e56, inasoma kama H 32, S 46, B 63. Ya 7 ni 825c43, H 24, S 48, B 51. Ya 8 ni 604134, H 18, S 46, B 38. Mpaka hapo sawa. Alafu ya 9 ni 3a312a, angalieni vizuri, H 26, S 28, B 23. Ukolezi umeanguka zaidi ya theluthi moja! Ya 10 ni 292420, H 27, S 22, B 16.

Mmeona hicho kitu? Wengi wakitaka kumchora mtu mweusi sana wanachukua kahawia wanaishusha mwangaza na kuipandisha ukolezi, wanapata rangi ya machungwa iliyoungua. Kinyume chake ndo sahihi. Ukolezi unakuwa juu kwa watu wa katikati, maji ya kunde na kahawia, alafu unashuka kwa mweusi tii. Ngozi nyeusi kabisa inakaribia kijivu chenye joto kidogo tu.

Na H usiitoe kwenye kati ya 10 na 35 kwa rangi ya msingi. Ukienda chini ya hapo mtu anakuwa kama ameungua na jua, ukipita juu anakuwa na homa ya manjano.

Msianze na rangi iliyo nyeusi kuliko zote. Anza na ile ya katikati, ile unayoiona shavuni pembeni kidogo ya mng'ao, ili uwe na nafasi ya kushuka na kupanda. Mtu akianza na B 16 kivuli atakiweka wapi?

Nakuru_Art254

Sasa wakuu, mimi niko Kenya na nachora na simu, ibisPaint. Shida yangu ni kwamba kwa simu yangu picha inakaa poa kabisa lakini nikiituma kwa mteja anasema mbona niko orange. Na ingine, nikipewa picha ya kufuata, mtu amekaa mweupe kushinda vile anakaa live. Hapo mnafanyaje?

BrashiYaPwani

Karibu sana ndugu yetu. Hayo mambo mawili yanasumbua watu wengi wa simu.

La kwanza ni skrini. Simu nyingi siku hizi zinakuja zimewekwa ile hali ya rangi kali, rangi zinaongezwa ukolezi ili ionekane nzuri dukani. Ingia kwenye mipangilio ya skrini utafute hali ya kawaida ama asilia. Alafu zima ile taa ya usiku inayofanya skrini kuwa ya njano, kuna watu wanachora saa sita usiku na ile kitu imewaka alafu wanashangaa asubuhi. Ukipata nafasi angalia kazi yako kwenye simu ya mtu mwingine na kwenye kompyuta kabla hujamtumia mteja.

La pili ni filta. Kamera nyingi za mbele zina kitu cha kurembesha uso kimewashwa toka kiwandani, kinasawazisha ngozi na kuing'arisha bila kukuuliza. Mwambie mteja apige na kamera ya nyuma, pembeni ya dirisha, filta zote zimezimwa, na akutumie kama dokumenti sio kama picha maana WhatsApp inaibana. Na muombe picha tatu nne za siku tofauti, mwanga tofauti.

Hii shida ya kamera ni ya zamani jamani. Kuna kadi za Kodak zilizokuwa zinaitwa Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na maabara zilikuwa zinapima rangi za kusafisha picha kwa kumwangalia yeye. Yeye akitoka vizuri basi mashine imekaa sawa. Watu weusi walitoka meno na macho tu. Na walioanza kusikilizwa waliponung'unika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao ambao bidhaa zao zilikuwa hazitofautiani kwenye picha, kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Ndomana ukipewa picha ya rangi ya zamani ya babu uichore upya, usichukue rangi humo kwa kile kidude cha kuchukulia rangi, chukua umbo tu, rangi mtafute mjukuu anayefanana naye.

Kingine muhimu kwa wote. Usichore juu ya karatasi nyeupe. Ukiweka kahawia juu ya nyeupe jicho linaiona nyeusi kuliko ilivyo, unaanza kuipandisha pandisha, mwisho mtu ameshakuwa mwingine. Jaza leya (tabaka la picha) ya chini kijivu cha katikati ama rangi ya mazingira yenyewe kabla hujagusa uso.

MjukuuWaTanga

Hapo kwenye kivuli mkuu nahitaji ufafanuzi. Mimi nilifundishwa natumia leya ya maltiplai, ile inayozidisha rangi na zilizo chini yake zikawa giza, naweka rangi ile ile ya ngozi juu yake, kivuli kinatokea. Kuna ubaya?

BrashiYaPwani

Sio mbaya kama hatua ya kwanza ya kujua kivuli kinakaa wapi, lakini ukiiacha hivyo ndo tope lenyewe hilo. Ukizidisha kahawia kwa kahawia unapata kahawia nyeusi zaidi na ukolezi unapanda, kila kivuli kinakuwa na joto lile lile, uso hauna hewa. Kivuli sio ngozi iliyopungukiwa mwanga tu, ni ngozi inayopata mwanga MWINGINE, dhaifu, kutoka sehemu nyingine. Jiulize hiyo sehemu nyingine ni nini.

Tuchukue mifano ya huku kwetu.

Saa saba mchana Dar, jua liko utosini. Macho yanaingia kizani, chini ya pua kuna kivuli kikali, chini ya kidevu pia. Jua limepiga paji la uso, mabega, ncha ya pua. Sasa ile sehemu ya kivuli inayotazama juu, inayoiona anga, inapata bluu ya anga. Na ile inayotazama chini, yaani chini ya kidevu, chini ya pua, chini ya nyusi, inapata mwanga uliogonga ardhi ukarudi. Akiwa Paje kwenye mchanga mweupe huo mwanga ni mkali na mweupe karibu kumalizana na kivuli, akiwa Dodoma kwenye udongo mwekundu kidevu kinapata joto la machungwa, akiwa kwenye nyasi kuna kijani kidogo usikiogope. Amevaa kanga nyekundu? Taya na shingo zinapata wekundu wa kanga. Kwenye ngozi nyeusi mwanga huu wa kurudi unaonekana kirahisi pale ngozi inapokunja kwenda pembeni, pale kwenye ukingo wa taya, kwasababu ya lile jambo la ubavu nililosema mwanzo.

Saa kumi na mbili jioni jua limelala, mwanga ni wa dhahabu, upande wa jua mtu mweusi anawaka rangi ya shaba na hapo ukolezi unaweza kuupandisha kwa raha zako hata S 65 ama 70. Upande wa pili anga limeshakuwa bluu zambarau, kivuli nacho kiende huko, sio kwa kupaka zambarau, kwa kupunguza ukolezi wa kahawia na kuisogeza H kuelekea nyekundu kisha kuipitisha kidogo upande wa zambarau.

Ndani ya nyumba na tyubu ama balbu ya LED nyeupe, mng'ao ni baridi, kijivu cha bluu, kivuli kinabaki na joto. Kwenye koroboi ama mshumaa ni kinyume, mng'ao ni wa machungwa na giza linameza kila kitu kingine, usijaze maelezo kwenye giza, liache. Mtu anayeangalia simu gizani, mwanga wa bluu kutoka chini, paji la uso halionekani.

Sehemu moja tu ambayo kivuli kinaenda wekundu wa moto kila wakati ni kwenye mikunjo, pale nyama inapotazamana na nyama. Ndani ya pua, mstari kati ya midomo, nyuma ya sikio, kati ya vidole. Mwanga unagonga nyama unarudi unagonga nyama tena, kila mara unazidi kuwa mwekundu. Hapo weka kahawia nyekundu nzito, kitu kama H 8, S 60, B 12, kamwe sio nyeusi tupu.

KalamuNyeusi

Naomba kupingana kidogo kwa heshima. Kila mtu anasema usitumie nyeusi lakini kuna wachoraji wakubwa duniani wanachora watu weusi kwa rangi nyeusi kabisa na kazi zinasimama kwenye makumbusho. Kwahiyo hiyo sheria ya "hakuna nyeusi" naona ni ya kutishana.

BrashiYaPwani

Uko sahihi mkuu na nashukuru umeileta. Kerry James Marshall wa Marekani ndo mfano mkubwa, watu wake ni weusi kweli kweli, na ameamua hivyo kwa makusudi. Ila angalia kazi yake kwa karibu, hatumii nyeusi moja. Ana nyeusi aina kadhaa, ya mifupa iliyochomwa, ya kaboni, ya oksaidi ya chuma, na anazichanganya na rangi nyingine kama bluu ama kijani ili moja iwe na joto na nyingine iwe baridi. Kwahiyo ndani ya weusi wake kuna mashavu, kuna pua, kuna mwanga. Amy Sherald naye alimchora Michelle Obama picha iliyozinduliwa 2018 na ngozi yote ni kijivu. Na inasimama.

Kwahiyo sheria sio kwamba nyeusi ni haramu. Kinachoua picha ni nyeusi MOJA kuichanganya kila mahali kama njia ya kufanya giza. Ukitaka kwenda njia ya Marshall kidijitali, tengeneza nyeusi zako nne, moja imeegemea bluu, moja kijani, moja zambarau, moja kahawia, zote B chini ya 20, na uzitumie kugeuza umbo. Ni ngumu kuliko kahawia, na skrini mbovu haitaonyesha tofauti.

Fundi_Pikseli

Mkuu twende kwenye mng'ao sasa maana ndo umesema msingi. Mimi nikiweka mng'ao mtu anakuwa kama amemwagiwa mafuta ya taa usoni.

BrashiYaPwani

Haya, hapa tukae.

Kwanza rangi. Usichukue nyeupe. Mfano ngozi ya msingi ni H 20, S 50, B 45, mwanga wa dirishani. Mng'ao wa paji la uso mpana uweke H 25, S 20, B 62. Ule mkali wa ncha ya pua na mdomo wa chini S 8, B 80 hivi. Utashangaa, hiyo ni kijivu tu lakini ikiwa imezungukwa na kahawia jicho linaiona bluu. Hiyo bluu ya kwenye picha nzuri za watu weusi mnayoipenda mara nyingi sio bluu, ni kijivu kilichokaa jirani na machungwa. Ukichukua bluu halisi mara nyingi inazidi, mtu anakuwa roboti, labda kama kweli kuna anga wazi juu yake.

Pili umbo. Mng'ao unafuata mfupa. Paji la uso una mng'ao mpana na kingo laini, juu ya shavu umekaa mshazari, mgongo wa pua ni mstari mwembamba unaokatika kabla ya ncha, ncha yenyewe kidoti, kope la juu mstari mdogo, mdomo wa chini umevunjika vunjika kwa ile mistari ya mdomo, kidevu, mfupa wa shingo, bega. Ukiweka kila sehemu ukali sawa ndo unapata hayo mafuta ya taa. Chagua sehemu moja iwe kali kuliko zote, nyingine zikae chini yake.

Tatu vinyweleo na vitundu. Ngozi sio kioo, mng'ao wake umekatika katika. Brashi ya chembechembe itumie HAPO TU, pale mng'ao unapokutana na ngozi ya kawaida. Wanaopaka chembechembe uso mzima wanapata ugonjwa wa ngozi, na wanaoblendi kila kitu kwa brashi ya hewa wanapata plastiki. Kivulini acha laini.

Nne, mafuta. Mtoto aliyepakwa mafuta ya nazi asubuhi kabla ya shule na mtu aliyetoka shamba na vumbi sio ngozi moja hata kama ni ndugu. Ngozi kavu ina magamba madogo madogo, mwanga unatawanyika juu juu, inapauka kijivu, kwenye viwiko, magoti, miundi. Ukipaka mafuta yanajaza zile nafasi, mwanga unapita, ngozi inaonekana nyeusi zaidi na mng'ao unakuwa mkali mwembamba, ni vile vile sakafu ya saruji inavyokuwa ukiimwagia maji. Kwahiyo ngozi yenye mafuta: msingi shusha kidogo, mng'ao mkali mdogo. Ngozi kavu: msingi pandisha kidogo na upunguze ukolezi, mng'ao mpana hafifu. Mzee wa kijijini ukimpa mng'ao wa bibi harusi umemdanganya mtazamaji.

Fundi_Pikseli

Asee hiyo ya kijivu jirani na kahawia nimeijaribu sasa hivi nikiwa nasoma. Ni kweli kabisa. Nilikuwa naweka bluu.

shangazi_wa_kuchora

Habari za humu wanangu. Mimi nachora wanawake waliosuka mistari na twende kilioni, na mikono yenye piko. Naona wengi wanasahau kwamba uso mmoja una rangi nyingi. Mwanzisha uzi uligusie na hilo.

BrashiYaPwani

Shikamoo shangazi. Umesema kweli na sehemu hii naipenda.

Kwenye mafunzo ya nje wanasema paji la uso njano, katikati ya uso nyekundu, kidevu bluu ama kijani kwa wanaume. Kwetu mpangilio ni mwingine. Watu wengi weusi paji la uso na pembeni ya uso ni giza kuliko mashavu. Kuzunguka macho na mdomo kuna giza pia, sio kivuli, ni rangi yenyewe ya ngozi, usiifute ukidhani ni uchovu. Mashavu na pua yanasogea kidogo kwenye wekundu, H ishushe kama 5 hadi 8 tu, pinki usiguse. Mdomo wa juu mara nyingi ni kahawia ya giza, wa chini una wekundu unaoanzia katikati kwa ndani na ukingo wake ni wa giza, ule mpaka ukiuchora vizuri mtu anafanana hata kama macho hujayamaliza.

Mikono. Vifundo vya vidole giza, kiganja cheupe chenye joto la pichi, na ile mistari ya kiganja ni kahawia, ina rangi kabisa. Mpaka kati ya mgongo wa mkono na kiganja unaonekana pembeni ya vidole, ni laini lakini upo. Wengi wanachora kiganja rangi ya uso, mkono unakuwa glovu.

Nyeupe ya jicho sio nyeupe. B 70 hadi 78 na joto kidogo, na juu kuna kivuli cha kope. Ukiweka nyeupe tupu kwenye uso mweusi macho yanaruka nje ya picha. Meno vile vile.

Na kwenye mistari kama alivyosema shangazi, ngozi ya kichwa katikati ya mistari mara nyingi ni nyepesi kuliko uso kwasababu haijaona jua sana, na inang'aa kama imepakwa mafuta. Pale nywele zinapoanzia usikate kwa brashi ngumu, vile vinywele vya mbele ni vidogo, changanya rangi ya ngozi na ya nywele katikati.

shangazi_wa_kuchora

Marahaba mwanangu. Niongezee tu kwamba kwenye piko kiganja kinashika rangi nzito kuliko mgongo wa mkono, hasa kwa hina nyekundu. Msichore mkolezo mmoja mkono mzima.

mwanga_wa_kusini

Samahani nauliza kwa nia njema. Nina kazi ya kuchora kijana mwenye ualbino, ni mtoto wa jirani yetu, familia wameniomba. Nifuate mafunzo ya ngozi nyeupe?

BrashiYaPwani

Usiulize kwa woga mkuu, ni swali la maana sana. Yanakusaidia nusu. Hapo melanini ni kidogo mno kwahiyo ile habari ya mwanga kuingia ndani na kutoka na wekundu inarudi yote, masikio yatawaka jua likiwa nyuma, pua na mashavu pinki, kivuli kina wekundu ukingoni. Kwahiyo kwenye rangi chukua huko.

Lakini usichukue uso wa Mzungu. Mifupa, pua, midomo, nywele ni za familia yake, chora kaka zake kwanza uelewe umbo. Nywele kwa aina iliyo ya kawaida zaidi huku Afrika ni njano ya majani makavu, sio nyeupe, na nyusi hivyo hivyo. Macho mara nyingi ni kahawia nyepesi ama kijivu bluu, usimwekee macho mekundu ya sinema. Kama ana madoa ya jua muulize yeye mwenyewe anataka yawepo ama la, na mchore kwenye kivuli kizuri ama ndani, kwasababu kwenye jua kali anafinya macho kujikinga nalo na hatatoka kama anavyojijua.

mwanga_wa_kusini

Nashukuru sana. Hiyo ya kuanza na kaka zake sikuwa nimeifikiria.

leya_ya_tano

La mwisho kutoka kwangu mkuu, kuchapa. Kwenye skrini nzuri, ikitoka kwenye kanvasi uso umekuwa mweusi, maelezo yote ya kivulini yamepotea.

BrashiYaPwani

Skrini inatoa mwanga, karatasi inarudisha mwanga tu, na wino wa mashine una rangi chache za giza kuliko skrini. Kahawia zako zote zilizo chini ya B 20 zinaungana kuwa kitu kimoja. Kwahiyo tengeneza nakala ya kuchapa, sio ile ile ya Instagram. Weka leya ya kurekebisha mwangaza juu kabisa, nyanyua vivuli tu mpaka giza la uso lisiwe chini ya B 22 ama 25, mng'ao usiuguse. Punguza mwangaza wa skrini yako mpaka nusu unapofanya hivyo ndo utaona kinachokuja. Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure na inakuwezesha kuangalia faili lilivyo kwenye CMYK (rangi za wino wa kuchapa) kabla hujalipeleka, kwa wale wa kompyuta.

Alafu kabla ya kuchapa kubwa, kata kipande cha uso, jicho na shavu na kidogo cha kivuli, kipange mara nne kwenye A4 moja, kila kimoja kivuli kimenyanyuliwa zaidi ya mwenzake, ukachape hiyo A4 kwenye mashine ile ile na karatasi ile ile. Ichukue nje ya duka uiangalie kwenye mwanga wa mchana. Ile inayofanana na mtu ndo unarudi nayo kwenye faili kubwa.

Nakuru_Art254

Nimesave uzi wote. Kesho nitapost ile portrait ya cucu (nyanya) yangu nikiwa nimebadilisha mwanga, mniambie ukweli.

BrashiYaPwani

Ilete. Weka na ile picha uliyofuata pembeni yake, na useme mwanga ulikuwa unatokea wapi, tusikisie.